Fataki za bei nafuu za kujazia risasi nyumbani: mnatumia zipi, na kwa nini zangu zinagoma?

#1 Mnyamwezi_Katy
Wakuu habari za jioni. Wale mnaojaza risasi wenyewe huku Marekani, naombeni msaada. Nina mwaka mmoja na nusu kwenye huu mchezo. Presi yangu (mashine ya kujazia) ni Lee, nimeifunga kwenye meza ya gereji, najaza risasi za bastola za 9mm peke yake. Mwezi uliopita nikaopoa fataki, vile vidude vya kitako cha ganda vinavyowasha baruti, ndogo za bastola zilizotoka nje ya nchi, elfu moja kwa dola 52. Duka la karibu nami zile zilizozoeleka ni 70 mpaka 80. Nikajipongeza sana.

Jumamosi nimekwenda uwanja wa shabaha na risasi 200. Saba hazikuwaka. Tano ziliwaka nilipozipiga mara ya pili, mbili ziligoma kabisa hata mara ya tatu. Jina la kampuni nalikalia kwanza, maana sijajua kosa ni lao au langu.

Swali: hizi za bei ya chini ni za kutupa, au kuna ambazo mtu anaweza kuziamini? Nawasilisha.

#2 BwanaShamba_Moro
Nimefungua uzi mbio nikijua kuna mtu anatafuta mafataki wa bei nafuu 😂😂 Huku bongo fataki ni lile zee la gari linalosubiri wanafunzi nje ya geti la shule. Kumbe ni ya bunduki. Haya, endeleeni, nimekaa pembeni.

#3 Chausiku_Ohio
@BwanaShamba neno lenyewe ni la bunduki tangu enzi za babu zako, hao wazee wamelirithi tu.

@Mnyamwezi swali lako nusu limejijibu. Fataki inayogoma pigo la kwanza ikawaka la pili, mara nyingi haijakaa chini kwenye kishimo chake. Pini ikigonga, nguvu yote inaishia kuisukuma ikae. Pigo la pili ndiyo linakuta imeshakaa, inawaka. Kwa hiyo tano ni zako wewe na presi yako. Zile mbili ndizo za kujadili.

#4 Otish_Dallas
Maze hiyo 52 uliitoa wapi? Niambie kwanza, mambo ya kugoma tutaongea baadaye. Mimi kabla ya korona nilikuwa nanunua kwa dola 30 elfu moja. 2021 nikaona jamaa kwenye maonyesho ya bunduki ameweka boksi mezani, ameandika 200. Nikadhani ni namba ya aina, kumbe ni bei!

#5 Mnyamwezi_Katy
@Otish mtandaoni. Ila hapo sijaweka ada ya vitu hatari na usafiri. Nilichukua boksi moja tu, ikafika dola 90 na kitu.

#6 Otish_Dallas
😂😂😂 Budah, hiyo si bei nafuu, hiyo ni hasara imevaa suti.

#7 Mzee_Kibatari
Vijana, hesabu ndiyo inaanza hapo, si kwenye jina la kampuni. Posta ya Marekani haibebi fataki kabisa. Zinakuja kwa gari la kampuni za mizigo, na ada ya vitu hatari inalipwa kwa mzigo, si kwa boksi. Ukiagiza elfu moja, ada yote inaangukia hiyo elfu moja. Ukiagiza elfu tano pamoja na baruti kwenye mzigo uleule, ada inagawanyika mpaka haiumi. Sisi huku Minnesota tuko wanne, tunaagiza mara moja kwa mwaka. Kama huna wenzako, nunua dukani ulipe kodi uende zako.

Kuhusu kugoma, nakubaliana na Chausiku ila si moja kwa moja. Kwanza tuambie bastola gani, na je, umeigusa ndani?

#8 Mnyamwezi_Katy
Shikamoo mzee. Umejuaje? Nilibadilisha springi ya nyundo mwezi wa tatu, nikaweka nyepesi ili kifyatulio kiwe laini. CZ 75.

#9 Mzee_Kibatari
Marahaba. Sijajua, nimeona wengi.

#10 Fundi_Chuma_PA
Basi uzi ungefungwa hapo, springi nyepesi pini inagonga kinyonge, lakini nitaongeza kitu, maana naona watu wanazungumzia fataki kama kidude kimoja kisicho na sehemu.

Fataki ya kisasa ina kikombe cha shaba, ndani yake kuna chembe ya dawa inayowaka kwa kubondwa, na juu ya dawa kuna kipande kidogo chenye miguu kinachoitwa fuawe. Ndiyo, fuawe kama ya mhunzi. Pini inabonyeza kikombe, dawa inabanwa kati ya kikombe na fuawe, inawaka. Sasa ile miguu ya fuawe lazima iguse sakafu ya kishimo, la sivyo fuawe linarudi nyuma pini inapogonga na dawa haibanwi sawasawa. Ndiyo maana inatakiwa fataki ikae chini ya usawa wa kitako cha ganda, kama elfu 3 hadi 5 za inchi. Pitisha kidole: ukihisi kijibonde, sawa. Ukihisi kilima, itoe kwenye foleni.

Na kilima si tatizo la kugoma tu. Kwenye bunduki ambazo pini yake inaelea bila springi, kama M1 Garand au SKS, fataki iliyochomoza inaweza kulipuka bolti inapofunga tu, hujagusa kifyatulio.

Kisha kuna ugumu wa kikombe, na hapo kampuni zinatofautiana kweli.

#11 Lushoto_Leicester
Nasoma kwa wivu. Huku Uingereza bastola kama hizo zilishaondoka mikononi mwa raia tangu 1997. Mimi najaza .308 ya kuwindia paa. Na fataki sinunui kama pipi: sheria ya 2006, kifungu cha 35, huuziwi mpaka uonyeshe cheti cha bunduki au sababu nyingine inayotambuliwa. Nikimtuma mke wangu dukani na pesa mkononi, anarudi na mkate.

#12 Chausiku_Ohio
Naendelea alipoishia Fundi. Sisi wa mashindano tunaojali kifyatulio laini tuna imani moja: Federal ndiyo laini kuliko zote, CCI ngumu zaidi, Winchester na Remington katikati. Wenye rivolva zilizopunguzwa springi hawataki kusikia kingine zaidi ya Federal 100, zile ndogo za bastola. Kwa hiyo @Mnyamwezi una njia mbili, rudisha springi ya kiwandani au nunua fataki laini. Springi ya dola 10 inakufungulia fataki zote za dunia. Fataki laini inakufunga kwa kampuni moja ambayo siku ikikosekana sokoni unakaa nyumbani unaangalia tamthilia.

#13 Shabani_wa_Bukavu
Ndugu zangu, mimi niko Louisville, Kentucky. Ile maneno ya springi ni kweli, lakini musikimbie haraka. Mimi sijagusa springi hata moja na nilipata ile ile shida. Yangu njo ilikuwa maganda. Nilikuwa naokota maganda ya jeshi, yale yenye alama ya msalaba ndani ya duara. Kiwanda kinabana ukingo wa kishimo juu ya fataki ili isitoke. Ukiisha kutoa fataki ya zamani, ule ukingo unabaki, fataki mpya inapita kwa nguvu, inakaa upande. Nikanunua kifaa cha kukwangua ukingo, shida ikaisha.

#14 Mnyamwezi_Katy
@Shabani mimi naokota kila ganda ninaloliona pale uwanjani. Sijawahi kuangalia kitako.

#15 Otish_Dallas
Huyu jamaa anatupa siri zake moja moja kama mtuhumiwa.

#16 Fundi_Chuma_PA
Hapo kuna mambo matatu tayari: springi, ukingo wa jeshi, na kutokandamiza vizuri. Yote matatu yanaleta dalili ileile ya kuwaka pigo la pili. Kuyatenganisha si kwa maneno. Chukua risasi ishirini za fataki hizohizo, ukandamize kwa kifaa cha mkono na si kwa presi, maganda ya kiwanda kimoja yasiyo ya jeshi, kisha azima bastola ya mtu ambaye hajaichezea.

#17 MamaZai_RN
Hodi humu. Mimi si wa kujaza, ni wa kufukuza mume gerejini. Naomba kuuliza, hayo mavumbi meusi yanayotoka kwenye ile mashine ya kusugulia maganda ni salama? Maana anaiendesha bila kifuniko na mtoto anatambaa.

#18 Mzee_Kibatari
Mwanangu, hapana, si salama. Dawa ya fataki za kawaida ina madini ya risasi, na masalia yake ndiyo hayo mavumbi. Mwambie aihamishie nje au atumie ile ya maji na sabuni yenye vijiti vya chuma, vumbi haliruki. Anawe mikono kwa maji ya baridi na sabuni kabla ya kumshika mtoto, na asile chochote kwenye ile meza. Na ukiweza mpime mtoto damu. Mimi mwenyewe daktari wangu huwa ananipima kila mwaka, nilishawahi kuambiwa nipunguze kwenda uwanja wa ndani.

#19 MamaZai_RN
Asante baba. Leo analala gerejini.

#20 BwanaShamba_Moro
Nilisema nimekaa pembeni ila nashindwa. Babu yangu alikuwa na gobore la fataki. Baba yake alikuwa na lile la gumegume, jiwe linagonga chuma cheche zinarukia baruti kwenye kisahani. Babu alisema tofauti yake ni mvua: gumegume likilowa ni rungu. Swali langu, hivi huku nyumbani mtu akiamua kujaza risasi kama nyie inakuwaje?

#21 Lushoto_Leicester
@BwanaShamba usithubutu. Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na kutengeneza risasi bila kibali ni kosa. Una jirani yako hapo Morogoro, Mzinga, hao ndio wenye kazi hiyo.

#22 Otish_Dallas
Na Kenya ni vilevile, Sura ya 114. Kule za kwetu zinatoka Eldoret kwenye kiwanda cha serikali. Huku Marekani raia anajaza za matumizi yake bila leseni. Ukianza kuuza ndiyo unatakiwa uwe na leseni ya kutengeneza. Cousin yangu aliniomba nimjazie mia tano atanilipa, nikamwambia hiyo pesa kaa nayo, mimi sitaki kujuana na watu wa ATF, wale wa serikali wanaosimamia silaha.

#23 Mzee_Kibatari
Hilo la gumegume limenikumbusha. Aliyeanzisha haya mambo ya kuwasha baruti kwa kubonda hakuwa mwanajeshi, alikuwa mchungaji wa kanisa huko Scotland, Alexander Forsyth. Alikuwa mwindaji wa ndege. Ndege wakiona mwako wa kisahani cha gumegume wanaruka kabla risasi haijatoka. Akatafuta njia ya kuwasha bila mwako wa nje, akapata hati yake mwaka 1807. Kwa hiyo @BwanaShamba fataki ya babu yako imetokana na hasira za mchungaji aliyekosa kitoweo.

#24 BwanaShamba_Moro
Mzee nimekupa like zote nilizonazo.

#25 Kipanga_TX
Wakuu mimi mgeni. Nimesoma kwamba fataki za Ulaya hazitoshi kwenye maganda ya Marekani kwa sababu Ulaya wanatumia Boxer na Marekani Berdan. Kwa hiyo huyu ndugu amenunua Berdan bila kujua.

#26 Fundi_Chuma_PA
Umegeuza. Maganda ya Marekani ni Boxer, yenye tundu moja la cheche katikati, na fuawe liko ndani ya fataki. Berdan ina matundu mawili pembeni na fuawe ni sehemu ya ganda lenyewe. Kilichokuchanganya kinachanganya wengi: Boxer alikuwa afisa Mwingereza na Berdan alikuwa Mmarekani, lakini kila nchi imeng'ang'ania uvumbuzi wa mwenzake. Na kama angekuwa amenunua Berdan asingejaza hata moja. Sindano ya kutolea fataki ingekosa tundu la katikati ikavunjika.

Fataki za Ulaya zinazouzwa huku kwa wajazaji ni Boxer. Sellier & Bellot wa Vlašim, Czech, wapo tangu 1825. Fiocchi wa Lecco, Italia, tangu 1876. Ginex ni wa Goražde, Bosnia. Hao si wa juzi.

#27 Kipanga_TX
Nimeelewa mkuu. Nimeona aibu kidogo lakini nimeelewa.

#28 Otish_Dallas
Karibu Kipanga, humu wote tuliingia hivyo. Mimi siku yangu ya kwanza niliuliza kama fataki kubwa za bunduki zinaingia kwenye risasi za bastola za .45 kwa sababu boksi lilikuwa limepunguzwa bei.

#29 Chausiku_Ohio
@Otish na ukajibiwa nini? Maana swali hilo ni zuri kuliko unavyofikiri. Kubwa za bunduki na kubwa za bastola zina upana uleule, .210 ya inchi, lakini ya bunduki ni ndefu zaidi. Ukiitia kwenye ganda la bastola inachomoza. Hiyo ni hatari, tumeshaeleza. Ndogo ndizo zenye mtego, kwa sababu .175 zote na urefu uleule. Zinaingia pande zote bila kulalamika, ila kikombe cha bunduki ni kinene. Kipindi cha uhaba watu wengi walijaza 9mm kwa fataki ndogo za bunduki na bastola zenye springi kamili zikawasha. Kinyume chake usijaribu: ya bastola kwenye bunduki ya presha kubwa, kikombe kinatobolewa na gesi inarudi usoni.

Na .45 yenyewe siku hizi ni bahati nasibu. Kuna maganda yenye kishimo kidogo na yenye kikubwa, usipochambua presi inakwama katikati ya safari.

#30 Mnyamwezi_Katy
Mimi sasa nina wasiwasi na boksi langu. Limeandikwa ndogo za bastola, nimehakikisha. Lakini nikibonyeza inapoingia naona ni nzito sana kuliko zile za CCI 500 nilizoanza nazo. Mkono wa presi unagoma kabla ya kufika mwisho.

#31 Shabani_wa_Bukavu
Njo hiyo! Unaacha mapema kwa sababu unaogopa itapasuka mkononi.

#32 Mnyamwezi_Katy
Siwezi kukataa. Naogopa.

#33 Mzee_Kibatari
Kuogopa si kubaya. Vaa miwani, kaa pembeni ya bomba la fataki, usiweke uso juu yake. Kwa kawaida fataki hailipuki kwa kusukumwa taratibu, inalipuka kwa kugongwa. Kama imelala kiubavu, usiilazimishe, literemshe ganda ulitoe.

Na kitu kingine: usizimwage kwenye chupa ya jamu eti zisichukue nafasi. Ukizikusanya kwenye chombo kigumu, moja ikiwaka zinawaka zote kwa pamoja, hilo ni bomu. Ziache kwenye trei zake za kiwandani. Watu hulalamika boksi la Federal ni kubwa kama la viatu vya mtoto, lakini trei zile zimetenganisha fataki kwa makusudi. Na nyumbani usivuke 10,000, ndicho kiwango cha kanuni za zimamoto za Marekani, NFPA 495.

#34 Otish_Dallas
Mzee, na wewe una ngapi? Jibu la kweli.

#35 Mzee_Kibatari
Chini ya hapo.

#36 Otish_Dallas
Chini ya hapo gerejini, au chini ya hapo kwa kila chumba?

#37 Chausiku_Ohio
😂 Muache mzee.

#38 Kanali_Mstaafu_wa_Mtandaoni
Nyote mnazunguka. Ukweli ni kwamba fataki zote za bei nafuu ni za kutupa. Nunua CCI, ni kampuni ya Kimarekani, ya Wamarekani, kwisha. Hizi za nje ni takataka walizokataa kwao.

#39 Fundi_Chuma_PA
Mkuu, CCI inatengenezea Lewiston, Idaho, hilo sawa. Lakini mwishoni mwa 2024 biashara yote ile, CCI, Federal ya Anoka, Remington ya Lonoke na Speer, ilinunuliwa na kampuni ya Czech, CSG. Hao hao tayari walikuwa na hisa kubwa za Fiocchi tangu 2022. Kwa hiyo ukinunua ya "Kimarekani" au ya Italia, pesa inaweza kuishia mfuko mmoja. Winchester ndiyo imebaki chini ya Olin, kampuni ya Kimarekani.

Ubora ni suala la kiwanda na toleo, si bendera.

#40 Kanali_Mstaafu_wa_Mtandaoni
Kiwanda kiko Idaho au hakiko Idaho?

#41 Fundi_Chuma_PA
Kiko.

#42 Kanali_Mstaafu_wa_Mtandaoni
Basi.

#43 Otish_Dallas
Kwani hii bei ilipanda kwa nini hasa na haishuki? Mimi nasikia ni viwanda vinaficha mali.

#44 Shabani_wa_Bukavu
Ni vita ya Ukraine. Baruti na kila kitu kinakwenda kule.

#45 Chausiku_Ohio
Uhaba ulianza kabla ya 2022 lakini. 2020 watu walinunua bunduki kwa mara ya kwanza kwa mamilioni, kila mmoja akataka maboksi mawili ya risasi. Kiwanda kikiwa na fataki elfu, kitazipeleka kwenye risasi zake kikauze kwa faida zaidi, kisha mabaki ndiyo yaje kwetu. Sisi wajazaji tunakula makombo ya meza.

#46 Mzee_Kibatari
Na mwaka huohuo wa 2020 Remington walikuwa kwenye kufilisika, mara ya pili ndani ya miaka mitatu. Septemba 2021 Marekani ikafunga vibali vipya vya kuingiza risasi kutoka Urusi, na fataki za Murom, za hukohuko Urusi, ambazo ndizo zilikuwa kimbilio la wenye mfuko mwembamba zikaanza kupotea. Kila mmoja wenu ameshika mguu mmoja wa ng'ombe.

#47 Otish_Dallas
Na mimi bado nasema wanaficha.

#48 Lushoto_Leicester
Turudi kwenye zile mbili zilizogoma kabisa. Hazijajibiwa. Hizo si springi, si kukandamiza. Pigo la tatu lingeziwasha. Mimi naona ni mafuta. Ndugu unapaka maganda mafuta kabla ya kuyabana?

#49 Mnyamwezi_Katy
Napulizia ya kopo, ndiyo. Siyafuti baadaye.

#50 Otish_Dallas
Haya, siri namba tatu hiyo hapo.

#51 Chausiku_Ohio
Mafuta yanasingiziwa sana. Niliwahi kuchukua fataki kumi nikazidondoshea mafuta ya bunduki makusudi, nikaziacha usiku, nikazipachika kwenye maganda matupu yasiyo na baruti wala kichwa nikazipiga. Nane ziliwaka. Dawa ina lakiri juu yake.

#52 Lushoto_Leicester
Mbili kati ya kumi hazikuwaka na unasema mafuta yanasingiziwa?

#53 Chausiku_Ohio
Nilizilowesha, Lushoto! Yeye amepulizia ganda.

#54 Fundi_Chuma_PA
Swali kwa @Mnyamwezi: zile mbili ulizifungua? Inawezekana haina fuawe kabisa. Hutokea kwa nadra, kiwanda chochote. Angalia trei kabla ya kujaza: fataki zikilala chali utaona fuawe kama herufi Y au pembetatu ndani ya kila kikombe. Yenye rangi tupu bila fuawe haiwaki kamwe hata uigonge wiki nzima.

#55 Mnyamwezi_Katy
Sikuzifungua. Nilizitupa kwenye ndoo ya uwanjani. Na kabla hamjanirukia, nilisubiri sekunde 30 mtutu ukiwa umeelekea shabaha, mzee mmoja pale alinifundisha, maana fataki inaweza kuchelewa.

#56 Mzee_Kibatari
Hilo umefanya vizuri kuliko yote uliyotueleza leo.

#57 Kipanga_TX
Samahani, swali la mgeni. Kwa bei hizi mtu anaokoa nini kujaza 9mm?

#58 Chausiku_Ohio
Kidogo sana. Fataki senti 7 au 8, kichwa senti 9 au 10, baruti senti 3, ganda la kuokota bure. Senti 20. Dukani ukivizia punguzo unapata kwa 23, 24. Mimi najaza kwa sababu nataka risasi laini ya mashindano ambayo dukani haipo. Pesa inaonekana kwenye .45 Colt, .30-06, .300 ya magnamu, hizo ambazo boksi la ishirini linakutoa jasho. Huko fataki ya senti 8 au 11 haibadilishi chochote, kwa hiyo kule ndiko mtu asibanie kabisa. Kubania fataki kuna maana kwa anayefyatua elfu kwa mwezi tu.

#59 Shabani_wa_Bukavu
Na ukibadilisha kampuni ya fataki, musisahau kurudi chini kwenye kitabu cha vipimo na kupanda pole pole. Fataki moja ni ya moto kuliko ingine, na ya magnamu zaidi. Rafiki yangu alibadilisha tu kwa sababu boksi ingine iliisha, akaona vitako vya maganda vimekuwa bapa kama shilingi, maana presha ilizidi.

#60 Otish_Dallas
Winchester ya bastola kubwa imeandikwa ni ya kawaida na magnamu pamoja. Hiyo ndiyo ninayoipenda, boksi moja shida zote.

#61 Fundi_Chuma_PA
Na kwa wenye bunduki za AR: pini inaelea pale pia, ukiangalia risasi iliyopakiwa bila kufyatuliwa utaona alama ndogo kwenye fataki. Kwa hiyo watu wanachukua CCI 41 au 450 yenye kikombe cha elfu 25 za inchi badala ya 400 yenye elfu 20. Wengine wanatumia 400 miaka yote salama. Sibishani nao, mimi natumia 41.

#62 Mnyamwezi_Katy
Wakuu, mrejesho. Nimefanya kama Fundi alivyosema, ila kwa uvivu kidogo. Nimefuta mafuta, nimechambua maganda, nimekandamiza hamsini kwa kifaa cha mkono. Ishirini na tano nimezipiga kwa CZ yangu na springi ileile nyepesi: moja imegoma, ikawaka la pili. Ishirini na tano kwa Glock ya jamaa: zote zimewaka.

#63 Chausiku_Ohio
Springi. Nimesema.

#64 Shabani_wa_Bukavu
Kutoka 7 kwa 200 mpaka 1 kwa 25 hakuna tofauti kubwa, kaka. Na hiyo moja ilikuwa ganda gani?

#65 Mnyamwezi_Katy
Nilijua utauliza. Lilikuwa na msalaba kwenye duara. Lilinipita wakati wa kuchambua.

#66 Shabani_wa_Bukavu
Eheee!

#67 Lushoto_Leicester
Na hakuna hata moja iliyogoma kabisa baada ya kufuta mafuta. Mimi naondoka na ushindi wangu.

#68 Kanali_Mstaafu_wa_Mtandaoni
Angenunua CCI tusingefika post ya 68.

#69 Fundi_Chuma_PA
Risasi 50 hazitoshi kusema lolote, wala lako wala la mwingine. Rudisha springi, piga mia mbili, ndiyo uje.

#70 Mnyamwezi_Katy
Springi nimeagiza, dola 9. Usafiri 8.

#71 Otish_Dallas
Wewe na usafiri mna ugomvi wa kifamilia.

#72 Mzee_Kibatari
Mnyamwezi, kuna mtu wetu anakuja Houston, hapo jirani yako, mwezi ujao kwa gari kuona wajukuu. Nina boksi la Federal 100 ambalo halina kazi kwangu, nitampa. Bei ya 2019.

#73 Otish_Dallas
Kumbe "chini ya hapo" ilikuwa na boksi za ziada! Mzee, Dallas iko njiani kabisa kwenda Houston, mimi napika ugali na matumbo.

#74 BwanaShamba_Moro
Mzee mwenye gari anayepeleka fataki kwa vijana. Nilisema toka post ya pili, mkanicheka.